Somo: Kumvusha Simba kwa ngedere wa levo ya pili, mpaka amtupe Scar

Wanajamvi, habari za jioni. Somo hili niliwaahidi siku nyingi, na leo Moshi mvua imeninyima kutoka, basi ngoja niliandike lote kwa mkupuo mmoja. Ni kuhusu The Lion King, ile gemu ya kuruka-ruka iliyotoka mwaka 1994, mwaka uleule wa filamu ya katuni ya Disney. Waliounda ni Westwood Studios, waliochapisha ni Virgin, na ilitoka kwa mashine nyingi: Mega Drive, Super Nintendo, kompyuta na nyinginezo. Mimi nafuata ya Mega Drive kwa sababu ndiyo niliyokulia. Mwenye Super Nintendo asiondoke, levo ni zilezile kumi. Unacheza kama Simba, mwana wa mfalme, na adui wa mwisho ni baba yake mdogo, Scar.

Tulioicheza ni wengi, tulioimaliza ni wachache. Muulize mtu wa rika langu hapa Majengo, au kule Arusha pande za Kaloleni, alikwama wapi. Atakujibu bila kufikiri: kwa ngedere. Na ngedere wako levo ya pili! Kaka yangu alikwama pale likizo nzima ya Desemba, mwisho akasema kaseti ni mbovu, akairudisha kwenye boksi. Kaseti ilikuwa nzima kabisa. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba pale vidole vyepesi havisaidii. Lile ni fumbo, na linatatuliwa kwa penseli. Hata ukisahau mengine yote ya leo, hilo lishike.

Kabla hujawasha

Umeme kwanza. Mashine nyingi za mtumba zinatoka nchi za nje, na adapta ya Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni 100. Sisi ukutani tuna 230. Geuza adapta, tafuta neno INPUT, soma namba iliyo mbele yake. Kama hukuona 220, 230 au 240, usichomeke. Nilichoma adapta yangu ya kwanza kwa kutosoma mstari huo mmoja. Ilitoa harufu ya plastiki iliyokaa chumbani siku mbili, na kupata nyingine kulinichukua miezi.

Kaseti isiposoma, usiipulize. Najua sote tulipuliza, lakini pumzi ina unyevu, na unyevu ndio unaotia kutu zile pini za shaba. Chukua pamba ya masikioni, ichovye kwenye spiriti kidogo, pitisha juu ya pini taratibu mpaka pamba iache kutoka nyeusi. Acha ikauke, kisha chomeka. Kwa vumbi letu la kiangazi, kaseti iliyokaa kabatini inaweza kutaka pamba nne au tano.

Ukishawasha, usikimbilie kuanza. Ingia Options, ona kitufe kipi kinaruka, kipi kinaunguruma. Mkono ukizoea vitufe mapema, utaokoa roho nyingi, yaani nafasi zako za kucheza, huko mbele.

Levo ya 1: jifunze kusubiri

Simba ni mtoto. Anaruka, anajiviringisha, anaunguruma. Juu ya skrini kuna mita mbili: ya uhai wake na ya ngurumo. Ile ya ngurumo inajijaza yenyewe polepole, kwa hiyo usibonyeze hovyo. Acha ijae, kisha unguruma kwa sababu. Wadudu unaookota njiani wanarudisha uhai, usiwapite.

Nungunungu usimtue mgongoni, miiba itakuchoma. Mruke umpite.

Mwisho wa levo kuna fisi. Wengi wanamfukuza, na hapo ndipo wanapoumia. Usimfukuze. Mwache yeye akurukie, wewe mkwepe, akurukie tena, mkwepe tena. Atafika mahali atasimama akihema. Muda wake ni mfupi, lakini unatosha: mrukie mgongoni, toka, anza upya. Nilipomfundisha binti wa dada yangu nilimkataza kubonyeza kitufe chochote cha kushambulia mpaka aseme kwa sauti "amechoka." Alimaliza siku hiyohiyo.

Levo ya 2: ngedere

Kwenye skrini inaitwa "Can't Wait to Be King." Rangi zake zinang'aa kuliko levo zote, twiga wamesimama kama ngazi, muziki unachangamsha. Mtoto anaingia akicheka, na baada ya nusu saa anataka kulia.

Mpango wenyewe ni huu. Ngedere wako juu ya miti. Simba akimfikia ngedere, anadakwa, anatupwa kwa ngedere mwingine, naye anamtupa kwa mwingine, mpaka mnyororo ufike mwisho. Mnyororo ukiwa sahihi, unatua unakotaka kwenda. Ukiwa na kosa moja tu, unarudishwa ulikotoka. Sasa, miongoni mwao wako wenye rangi ya waridi. Hao ukiwaungurumia wanageuka, wanaanza kutupa upande mwingine. Wengine hata uungurume mpaka sauti ikauke, hawageuki.

Kosa letu tulipokuwa wadogo lilikuwa kuungurumia kila tuliyemwona, kisha kurukia mnyororo na kuomba Mungu. Fanya hivi badala yake:

Chukua daftari la mistari. Chora mti, halafu weka duara kwa kila ngedere, mahali pake palepale. Duara la wa waridi lipake penseli ndani. Kisha jirushe kwenye mnyororo mara ya kwanza bila kutafuta ushindi. Unachotafuta ni kuona tu. Kila ngedere akikutupa, mchoree mshale. Ukirudishwa mwanzo hujapoteza, umepata mishale mitatu.

Ukishapata picha, usiisome kuanzia mwanzo. Anzia mwisho. Weka kidole pale unapotaka kutua, ujiulize: ni nani anayeweza kunitupa hapa? Mzungushie. Na huyo, ni nani anayeweza kunitupa kwake? Rudi nyuma duara kwa duara mpaka ufike ulipo sasa. Njiani utakutana na wa waridi ambaye mshale wake unaelekea pabaya. Huyo ndiye wa kuungurumiwa, na mara nyingi ni huyo tu. Nenda mpaka uwe naye karibu, hakikisha mita ya ngurumo imejaa, unguruma mara moja, tazama kama amegeuka. Rekebisha mshale kwenye daftari. Ndipo uingie.

Ukurasa wangu wa kwanza ninao mpaka leo. Una doa la chai na mshale mmoja umefutwa mara nyingi mpaka karatasi imetoboka. Mshale huo ndio uliotuweka Desemba nzima.

Kuna jambo nililikuta nikiwa mtu mzima, likanifanya nimwonee kaka yangu huruma. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, ameeleza kwamba ugumu huu ulipangwa. Wakati ule Marekani watu walikodi kaseti dukani kwa siku chache, na Disney haikutaka mtu aweze kufika mbali ndani ya muda wa kukodi, maana angekosa sababu ya kununua. Kwa hiyo kikwazo kikawekwa mapema. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya maduka ya huko ukamkuta mtoto wa Moshi ambaye kaseti ilikuwa yake mwenyewe, na hakuwa na gazeti la gemu wala jirani aliyevuka. Kwa maoni yangu haikuwa haki kwa watoto. Lakini fumbo lenyewe, ukilikabili kama fumbo, ni zuri.

Levo hiyohiyo kuna mbuni. Unapanda mgongoni, anakimbia peke yake, kazi yako ni kuruka au kuinama. Kuna mahali kuruka mara moja hakutoshi: unaruka, na mkiwa bado hewani unaruka tena kutoka mgongoni mwake. Macho hayawahi kasi ile, lakini mpangilio haubadiliki hata siku moja. Basi utie mdomoni. Kila unapoanguka ongeza neno moja: juu, juu, chini, juu mara mbili, kwa mpangilio unaouona wewe. Nyumbani kwetu watoto wanauimba kama wimbo wa kuruka kamba, na mwenye pedi, yaani kile kifaa cha vitufe mkononi, anafuata sauti badala ya macho.

Levo ya 3 hadi ya 6

Makaburi ya tembo ni fisi wawili wawili na tumbusi wanaoshuka kutoka juu. Somo la levo ya kwanza linatosha: acha wachoke. Usikae mahali pamoja muda mrefu.

Ya nne ni nyumbu. Hapa kamera inageuka, Simba anakimbia kuja kwako na nyumbu wanatoka nyuma yake. Ndugu zetu wa Arusha wanaopeleka wageni Serengeti watanielewa: kundi likishaanza kukimbia halikufuati wewe, linafuatana lenyewe. Mchezaji akiona pembe anahepa mbali sana, anafika ukingoni, na akifika ukingoni amebakiwa na upande mmoja tu wa kukimbilia. Hepa kidogo, rudi katikati. Hepa kidogo, rudi katikati. Mawe yaruke. Ni levo fupi, usiiogope.

Ya tano ina miiba na mawe makubwa yanayobingirika. Ni ya kukariri, ukifa mara tatu umeshaijua.

Ya sita, "Hakuna Matata," ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unapanda maporomoko ya maji kwa kuruka juu ya magogo ambayo nayo yanaporomoka. Ukimtazama Simba utaanguka. Tazama gogo linalofuata, mguu utajua lile ulilopo. Huko mbele kuna sokwe anayerusha nazi. Naye ana utaratibu wake, kaa mbali uusome kwanza ndipo umsogelee.

Katikati ya levo utapata nafasi za kucheza na Timon na Pumbaa, marafiki wa Simba, kukamata wadudu. Usiziruke, huko ndiko roho za ziada zinakopatikana.

Levo ya 7 hadi ya 10

Simba amekua, ana manyoya shingoni na ana kucha. Mazoea ya kurukia mgongo yaache, sasa unapigana uso kwa uso, na chui wa levo ya saba watakufundisha hilo mapema. Ya nane ni mapango ya moto na popo, nenda hatua kwa hatua. Ya tisa ni mapango yanayozunguka na fisi kila kona. Daftari lirudi mezani, chora vyumba na njia zake, la sivyo utapita palepale mara kumi.

Na hapo levo ya tisa fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi: jifunze kumtupa fisi. Kukwaruza ni rahisi, kutupa kunataka umbali sahihi. Jizoeze kwa fisi watano, sita, mpaka mkono ushike. Maana levo ya kumi utakutana na Scar juu ya jabali, na Scar hafi kwa kucha. Kucha zinamchosha tu. Anashindwa kwa kutupwa kutoka juu, kama anavyotupwa na Simba kwenye filamu. Watu wamefika pale, wamempiga mpaka gumba likachubuka, wakadhani gemu imeganda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Sakina, Arusha: Kaka, somo limetulia. Mimi tatizo langu ni kwamba naruka kwa wakati kabisa, lakini Simba anaruka amechelewa. Nimebadilisha pedi mbili. Hasa kwa mbuni siwezi kabisa.

Jibu: Pedi zako nzima, ndugu yangu. Ni TV. TV bapa inapokea picha ya mashine ya zamani, inaikuza na kuisafisha kabla ya kuonyesha, na hapo katikati muda unapotea. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta Game Mode, iwashe. Kama unaweza kupata TV ya chogo ndiyo bora zaidi, zile hazina kucheleweshana huko. Mimi yangu niliichukua kwa fundi ambaye alikuwa anataka nafasi tu dukani kwake.

Mwanachama wa Pasua, Moshi: Ya kwangu ni ya kaseti ya Nintendo ile ndogo ya zamani. Nimefika Hakuna Matata, nimemaliza, gemu imeisha. Simba mkubwa hajatokea. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Hapana, mdogo wangu, umemaliza kwa haki. Toleo la NES, yaani hiyo Nintendo yako, linaishia Hakuna Matata, Simba mkubwa hamo humo kabisa. Ukitaka levo zote kumi tafuta ya Mega Drive au Super Nintendo.

Mama wa watoto wawili, Njiro: Hongera kwa somo, mwanangu. Sina mashine ya zamani, na watoto wameiona filamu wanataka gemu. Kuna njia halali ya kuipata sasa? Mkubwa ana miaka saba.

Jibu: Shikamoo mama. Ipo. Mwaka 2019 ilitoka tena pamoja na Aladdin, gemu nyingine ya Disney, kazi ya Digital Eclipse, kwa Switch, PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Ina kitufe cha kurudisha nyuma: mtoto akianguka, unarudisha sekunde chache anajaribu tena. Wapo watakaosema ni kudanganya. Mimi kwa mtoto wa miaka saba naona ni sawa kabisa, ila kwa ngedere mwachie daftari kwanza. Akivuka kwa kuchora mwenyewe atalala na daftari hilo chini ya mto.

Mama wa watoto wawili, Njiro: Marahaba. Na wananiuliza kwa nini Pumbaa anaitwa Pumbaa.

Jibu: Waambie ni neno letu lilelile, kupumbaa, mtu aliyeduwaa. Rafiki ni rafiki, Simba ni simba, na yule fisi Shenzi nadhani hawahitaji kuelezwa. Ndiyo maana watoto wa hapa wanaifurahia mara mbili. Ila hakuna matata mtaani kwetu husikii sana, sisi tunasema hakuna shida.

Mwanachama wa Kiborloni: Kuna njia ya kuchagua levo bila kuanza mwanzo? Umeme kwetu ukikatika naanza upya kila siku, na gemu haisevu.

Jibu: Pole sana, hilo linaumiza. Kwa Super Nintendo ipo: ukiwa Options bonyeza B, A, R, R, Y, yaani kama unaandika jina Barry. Utapata kuchagua levo. Itumie kurudi ulipokuwa umefika, usirukie ya kumi moja kwa moja. Utamkuta Scar hujui kutupa.

Mwanachama wa Sakina, Arusha: Nimerudi. Game Mode imefanya kazi, mbuni nimemaliza! Lakini ngedere bado. Nimechora vizuri, mishale yote iko sawa, na bado ananirudisha.

Jibu: Uliungurumia mara ngapi yule wa waridi?

Mwanachama wa Sakina, Arusha: Mara mbili, kwa uhakika zaidi.

Jibu: Basi ndiyo hapo. Ya kwanza ilimgeuza, ya pili ikamrudisha. Mara moja tu, kisha ondoa kidole kabisa kwenye kitufe.

Mwanachama wa Soweto, Moshi: Mimi niko juu ya jabali tangu jana. Namchosha Scar, namkamata, namtupa, anaangukia upande wa ndani. Nimepoteza roho zote.

Jibu: Uko karibu kuliko unavyodhani. Rudi levo ya tisa, mkamate fisi mmoja, umtupe, na usiangalie kingine chochote ila upande anaoangukia ukilinganisha na ulivyosimama wewe. Rudia mara tatu uwe na hakika. Kisha ukifika kwa Scar, kabla ya kumkamata jipange usimame hivyohivyo, bonde likiwa upande ule ambao fisi alianguka. Usimkamate mapema. Mvute mpaka ukingoni kabisa, mchoshe palepale ukingoni, ndipo mtupe.

Mwanachama wa Soweto, Moshi: Ameanguka. Saa sita na robo usiku, watu wote wamelala, nimeshangilia kwa kuziba mdomo na mto.